Wimbo Usioomba Kitu

Wimbo ulikuwa umekwisha, na Siwema hakujua. Alikuwa bado ameketi katika Chumba cha Usikilizaji, viganja juu ya meza, akitazama mistari ya mbao ikitambaa polepole kama maji yanayotafuta njia. Alijua kwamba mbao haitembei. Lakini kujua huko kulikuwa mbali naye, kama jambo aliloambiwa utotoni na mtu ambaye sasa hamkumbuki.

Kilichomgutusha ni jua. Walipoanza, mwanga ulikuwa kwenye kizingiti cha dirisha. Sasa ulikuwa umemfikia magotini. Akainua macho kumtazama Vuai.

Vuai alikuwa mtazamaji wake. Pale Chumbani kila wimbo ulipimwa na watu wawili, mmoja anayesikia na mmoja kiziwi. Anayesikia husikia; kiziwi humkazia macho usoni, na wimbo ukiisha tu humgutua na kumwuliza swali moja, kabla hajapata nafasi ya kujipanga. Vuai alizaliwa hasikii hata radi. Kazi hii ilimfaa, kwa kuwa hakuna wimbo uliowahi kumteka.

Lakini sasa hakuwa akimkazia macho mtu yeyote. Alikuwa ameinama, vidole vyake bado vimeshika mkono wa Siwema pale mshipa unapopiga, na macho yake yalifuata mistari ya mbao.

Kushikana mkono hakukuwamo katika sheria. Zamani kulikuwa na kifaa cha kupimia mapigo ya moyo. Kikaharibika, kipuri kikaagizwa, kipuri hakikuja, na watazamaji wote wakazoea kutumia vidole. Vuai alikuwa na mazoea ya kumwambia Siwema kwamba moyo wake hukimbia hata kabla wimbo haujaanza, na kwamba aende hospitali akapimwe. Siwema huitikia kwamba ataenda. Hakwenda. Moyo wake haukukimbia akiwa nyumbani, wala akiwa sokoni, wala mkono wake ukishikwa na mtu mwingine.

Mlango ukafunguka. Mama Ntandu, mkuu wa Chumba, aliingia na miwani yake juu ya paji la uso.

"Jamani, mmelala? Nimegonga kioo mpaka nimechoka."

Vuai alimwona, akashtuka, akauachia mkono wa Siwema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni, akauliza swali lake kwa mikono, kwa lugha ya alama ambayo wote wawili waliitumia.

"Unataka nini sasa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na kazi nzima ya Chumba ilisimama juu yake. Nyumba za Singida zilikuwa na kuta za sauti. Mwanzoni zilijengwa ili kuzima mngurumo wa mitambo ya upepo iliyojaa uwandani. Ndani ya kila ukuta kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotetemeka kinyume cha mngurumo ule mpaka pakawa kimya. Baadaye wakubwa wakaona kwamba ukuta unaoweza kuzima sauti unaweza pia kuitoa. Zikaja taarifa, zikaja nyimbo, na kuta hazikuwa na swichi. Ndipo ukatokea wimbo wa sabuni uliowafanya watu wa mtaa mzima kunawa mikono hadi ngozi ikachubuka. Tangu hapo sheria ikawa moja: wimbo usimpe mtu hamu asiyokuja nayo. Hamu ngeni moja, kwa mtu mmoja tu aliyeguswa na wimbo, ilitosha kuuzuia.

Siwema akajitafuta. Alianza na koo, kama alivyofundishwa. Hakutaka maji. Tumbo halikutaka chakula, miguu haikutaka kunyooshwa. Akaendelea kushuka ndani, akifungua mlango mmoja mmoja, na kila chumba kilikuwa kimefagiwa. Mwisho alimtazama Vuai, nyusi zake nene na kovu dogo la kidevuni, akangoja kile kitu ambacho siku zote humpanda kifuani akimtazama. Hakikuja. Alimwona tu, kama unavyomwona mtu.

"Sitaki kitu," akasema, kwa mdomo na kwa mikono.

Mama Ntandu alitabasamu. Akasema hajawahi kupata jibu safi kama lile tangu aanze kazi. Kwamba nyimbo nyingi hata nzuri humwachia msikilizaji kahamu kadogo, ka chai, ka kucheza, ka kumpigia mtu simu. Akawakumbusha kwamba sheria inampa msikilizaji usiku mmoja, kisha ataulizwa tena kesho adhuhuri, na jibu lile ndilo la mwisho. Kesho ilikuwa Jumamosi, lakini angekuja mwenyewe, kwa sababu Makazi ya Kindai yalikuwa yanausubiri wimbo huu.

"Watu wale hawalali, Siwema," alisema. "Nikipita pale jioni nasikia kuta zikilia pamoja nao. Ukiupitisha huu utakuwa umewafanyia jambo ambalo sisi wote tumeshindwa."

*

Walishuka kula. Mama Shuwea wa kantini aliwawekea ugali na kuku, akaenda kuhudumia wengine, na aliporudi kuchukua sahani akakuta ugali umeota ngozi juu.

"Ninyi wawili mmefunga?" aliuliza. "Au ndiyo mnaangaliana mpaka mmeshiba?"

Siku nyingine maneno hayo yangemfanya Siwema atake kuingia chini ya meza. Sasa yalipita kama upepo wa nje ya dirisha. Alikula kwa sababu chakula kilikuwapo na alijua kwamba binadamu hula. Vuai alimwiga. Walitafuna polepole kama watu waliopewa kazi ya kutafuna.

Hapo ndipo Siwema alipoanza kuona kwamba kuna jambo haliko sawa, ingawa alilishika kwa mbali, kama mtu anayeshika kamba yenye utelezi. Yeye aliusikia wimbo. Vuai je? Kwa nini na yeye amefagiwa?

Akamwuliza kama kesho asubuhi atakwenda getini.

Kila Jumamosi watu wa pwani walisimama kwenye geti la mkuu wa mkoa. Bahari ilipopanda na kumeza visiwa na miji ya ukingoni, waliletwa huku juu kwenye upepo na mawe, wakawekwa Makazi ya Kindai, wakaambiwa ni kwa muda. Muda ukawa miaka. Walikuwa wanadai wapewe nchi ya kuishi karibu na maji, popote pale maji yalipoishia sasa, wazike wafu wao ndani ya harufu ya chumvi. Vuai alitoka Mafia. Hakuwahi kukosa geti. Hata siku aliyokuwa na homa alisimama akitetemeka, bango lake likitetemeka naye, na Siwema alimpelekea uji kwenye chupa.

"Getini," Vuai alirudia kwa mikono, kama anayejifunza neno. "Nakumbuka. Sioni tu kwa nini niende."

"Wimbo umekugusa."

Vuai alifikiri. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa Siwema pale pale anapoushika siku zote, akauachia, na akavitazama vidole vyake.

"Uliingia hapa," alisema. "Nilidhani ni moyo wako. Nikajisemea, leo moyo wa Sikio umetulia." Sikio ndilo jina la alama alilompa, mguso mmoja tu wa kidole kwenye ndewe ya sikio. "Kisha ukawa mpana. Ukapanda mpaka begani. Niliona njano, Sikio. Njano nyingi, inazunguka taratibu, na mimi nipo katikati na sina uzito. Ndivyo mnavyoonaga ninyi mnaosikia?"

Siwema akasema hapana. Nyimbo nyingine haziko hivyo. Lakini yeye pia aliiona njano, na hakujua kama amefurahi au ameogopa kwamba waliiona pamoja.

*

Asubuhi alikwenda getini akiwa na wazo kwamba pengine Vuai amebadili nia. Palikuwa na watu wachache kuliko kawaida, wamesimama mbalimbali na mabango yao, na mzee mmoja alimwambia kwa uchungu kwamba wenzao wamehamia kwa yule mpiga waya. Kama anawataka, akawatafute kwenye mawe.

Njiku, mwenye wimbo, aliishi chini ya mtambo wa upepo wa zamani ambao mapanga yake yalikwisha kuondolewa. Kutoka kileleni mwa mnara alikuwa ameshusha waya mmoja mrefu, akaufunga kwenye jabali. Upepo wa Singida ndio uliokuwa upinde wake. Yeye aliketi shinani mwa jabali na kipande cha ngozi, akiugusa waya kidogo hapa, kidogo pale, na chombo kidogo pembeni yake kiliirudisha kila sauti juu ya iliyotangulia, ikichelewa kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka zote zikawa sauti moja nene isiyo na mwanzo. Nyingi ya sauti hiyo ilikuwa chini mno kwa sikio. Ilisikiwa na meno, na mifupa ya kifua.

Siwema aliziba masikio kwa pamba na kusimama kwenye mchanga, mbali na mawe. Hata hivyo alizihisi nyayo zake zikianza kulegea.

Watu walikuwa wameketi juu ya mawe kama ndege. Hakuna aliyekuwa analia. Mwanamke mmoja kijana alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kuhangaika, na Siwema akamtazama kwa hofu, akingoja kuona kama mama hatajali. Mama alijali. Alimshusha, akamnyonyesha, akamfuta pua. Alifanya yote sawasawa, kwa uso wa mtu anayeosha vyombo vya nyumba ya wageni.

Njiku alipouachia waya ili apumzike, Siwema akatoa pamba, akaenda kwa yule mama. Jina lake lilikuwa Mwanakheri. Alieleza bila kusitasita kwamba kabla ya kuja hapa alikuwa akifumba macho anasikia maji yakiingia chini ya mlango, kila usiku, na katika maji yale kulikuwa na sauti ya mwanawe mkubwa. Sasa analala.

"Na mwanao bado unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Uchungu ndio sina."

"Ukikaa siku nyingi bila kuja hapa?"

"Unarudi," alisema Mwanakheri. "Siku ya pili, ya tatu. Kwa hiyo nakuja. Wanasema mtatuwekea ukutani, haitakuwa na haja ya kutembea. Mungu akubariki, mdogo wangu."

Siwema alitaka kumwambia asimbariki bado. Hapana, hakutaka, aliona tu kwamba ndivyo angetaka. Akamwendea Njiku, mwanaume mwembamba mwenye mvi za mapema, na kumwuliza aliutunga wimbo huu kwa ajili gani. Alijibu kwamba mkewe alifariki na nyumba ikawa na kelele ya kutokuwapo kwake, ndipo akafunga waya. Hakuupeleka Chumbani yeye. Walikuja wasimamizi wa Makazi na magari yao, wakauliza, naye akasema sawa.

"Wewe ulitaka upelekwe?"

Njiku alitafakari swali kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa habari za nchi aliyoishi zamani.

"Mimi sitaki kitu, binti. Mkono wangu ndio unapiga."

Akarudi kwenye waya, na Siwema akarudisha pamba masikioni. Hapo ndipo Siwema alipomwona Vuai. Alikuwa upande wa pili wa jabali, amepiga magoti, viganja vyote viwili vimeukumbatia waya, na paji la uso ameliegemeza pale pale. Mdomo wake ulikuwa wazi. Machozi yalimtiririka na alikuwa anacheka, cheko lile la sauti nzito ambalo hakujua ni kubwa kiasi gani.

Alipomwona hakuona aibu. Aliutoa mkono mmoja kwenye waya ili aseme naye.

"Asubuhi nimeamka nautaka," alisema. "Kitu cha kwanza. Sijataka chai, sijataka kwetu, nimetaka huu. Sikio, miaka yote nawatazama nyuso zenu mkisikia. Nyuso zile. Nilidhani mnanizidi kitu kidogo tu."

Siwema alisimama pale na pamba masikioni. Hamu ngeni, kwa mtu mmoja tu aliyeguswa. Ilikuwa hii hapa, imepiga magoti mbele yake, inacheka.

*

Njia nzima ya kurudi mjini alijaribu kuamua na hakupata pa kuanzia. Alizoea kwamba mtu akipima jambo kuna kitu ndani yake kinachoegemea upande mmoja, naye hubishana nacho au hukifuata. Sasa hakikuwapo. Aliweka upande mmoja Mwanakheri aliyelala usingizi, na upande wa pili geti lenye watu wachache. Akaweka kuta zisizo na swichi, na watoto watakaozaliwa ndani ya kuta zile, wasijue kamwe kwamba kuna maji ya kuyalilia. Kisha akaweka uso wa Vuai kwenye waya. Mizani haikwenda juu wala chini. Je, kutaka kupumzika ni hamu ngeni? Nani asiyekuja nayo? Na kama wimbo hauongezi kitu, unapunguza tu, kwa nini sheria haikuliwaza hilo? Labda waliotunga sheria hawakuwahi kuchoka kiasi hicho.

Vuai, ambaye kama mtazamaji alitakiwa kuwapo adhuhuri, alitembea kando yake mwepesi, akigusa kila nguzo ya umeme waliyoipita.

Mama Ntandu aliwasubiri, amevaa kitenge cha Jumamosi. Kinasa sauti kiliwashwa, kama sheria ilivyotaka. Aliuliza kwa taratibu zake: umelala, umeamka, unataka nini usichokuja nacho?

"Sitaki kitu," alisema Siwema. Ulikuwa ukweli.

Mama Ntandu akashusha pumzi. Akanyoosha mkono kukizima kinasa, na wakati huo huo Vuai, aliyekuwa amesimama dirishani, akamgeukia Siwema na kusema naye kwa mikono, haraka haraka, kwa uso wa mtoto anayemvuta mama kanga.

"Kijana anasema nini?" aliuliza Mama Ntandu. Alama chache alizozijua zilikuwa za salamu.

Siwema angeweza kusema kwamba anaaga. Angeweza kusema ana njaa. Vuai asingejua, na Mama Ntandu asingejua, na Makazi yote ya Kindai yangelala usingizi leo jioni. Kinasa kilikuwa bado kinazunguka. Aliutafuta moyo wake umwambie la kufanya. Moyo ulikaa kimya kama kitoweo kilichopoa. Kulikuwa na kazi tu, ambayo ameifanya siku zote: Vuai akisema, yeye huyapeleka maneno yake yalivyo, bila kuyapunguza. Viziwi wamepunguziwa vya kutosha.

"Anasema tuondoke twende kwa Njiku. Anasema anautaka tena. Anasema anautaka kila siku, mpaka afe."

Mama Ntandu aliushusha mkono.

"Anautaka nini? Si hasikii?"

"Ulimpitia mkononi mwangu, Mama. Alikuwa amenishika mapigo. Leo hakwenda getini."

 Mama Ntandu aliteremsha miwani machoni, akamtazama Vuai, kisha akakitazama kinasa kana kwamba kingeweza kumsaidia.

"Ungeweza kuniambia anaaga," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Ningeweza."

"Na wale watu, Siwema? Yule anayelia usiku, utamwambia nini?"

"Sijui, Mama. Labda wakiutaka waendelee kuutembelea kwa miguu yao. Sijui kama nimefanya vizuri. Kweli sijui."

Mama Ntandu hakumgombeza. Alitamka kwenye kinasa kwamba wimbo umekataliwa, akataja sababu, akataja kwamba mtazamaji ataondolewa kazini mpaka achunguzwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Kisha akatoka, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake.

Vuai alikuwa ameusoma uso wa Mama Ntandu, na midomo yake kidogo.

"Umemwambia nini?"

Siwema akamwambia. Hakuacha neno.

 Furaha ilimtoka Vuai usoni kidogo kidogo, ikianzia machoni.

"Nilikuwa nazungumza na wewe," alisema. "Sikuwa nazungumza naye."

Akageuka, akatazama nje dirishani.

Siwema aliinua mikono yake kumweleza. Alimweleza habari za kuta, na mtoto wa Mwanakheri, na mzee wa getini, na kwamba waya bado uko pale, hakuna aliyeukata. Mikono yake ilikwenda na kwenda hewani. Vuai hakugeuka, na kwa mtu kama Vuai mgongo ni mlango uliofungwa kwa komeo. Unaweza kubisha mpaka kesho.

Ndipo kitu kikamsogea chini ya mbavu. Kilikuwa kidogo mwanzoni, hata akadhani ni njaa. Kisha kikapanda, kikali, mpaka kifuani, pale pale kilipokuwa kikimpanda siku zote akimtazama.

Alitaka Vuai ageuke. Ee Mungu, alitaka ageuke.